Kurasa kumi na moja za dhamana: akili unde inaweza kukusomea nini?

Mama Neema ana duka la vipodozi mtaani kwetu. Mwaka jana mwenzake wa kikoba alimwomba amdhamini mkopo wa shilingi milioni mbili, yeye na mdhamini mwingine mmoja. Taasisi ya mikopo ikampa mkataba wa kurasa kumi na moja, wote Kiingereza, akausome na kurudi Jumatatu na picha mbili za pasipoti. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, kwa hiyo jambo la namna hii likitokea mtaani, mlango unaopigwa hodi ni wangu. Safari hii hakuja kuomba tafsiri. Alikuwa ameshazipiga picha kurasa zote kwa simu, akampa msaidizi wa akili unde, na msaidizi akamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba yeye na mwenzake "watawajibika kwa pamoja na mara kadhaa" mkopaji akishindwa kulipa.

"Kaka, mara kadhaa ndiyo mara ngapi?" aliniuliza.

Nikaomba karatasi. Kifungu cha 11 kilisema wadhamini wanawajibika "jointly and severally". Kwa Kiswahili cha sheria: kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake taasisi haina haja ya kuligawa deni. Inaweza kumfuata Mama Neema peke yake kwa deni lote, na akishalipa ni shauri lake kumtafuta mdhamini mwenzake amrudishie sehemu yake. Yeye alikuwa ameshapiga hesabu ya milioni moja moja. Mashine, kwa kutafsiri neno kwa neno, ilikuwa imelifanya jambo zito kuliko yote kwenye waraka ule lisomeke kama kosa la uchapaji.

Sisimulii haya ili kuicheka mashine. Dakika tano baadaye tuliiuliza swali jingine, nayo ikatuonyesha kifungu cha 14, mstari wa tatu, palipofichwa maneno yanayosema dhamana hiyo itahusu mkopo huu "na mkopo mwingine wowote" ambao mkopaji atapewa baadaye na taasisi hiyo hiyo. Yaani Mama Neema angesaini kwa milioni mbili za leo, na miaka miwili baadaye akajikuta anadhamini milioni tano ambazo hakuwahi kuzisikia. Mimi nilikuwa nimeshaupita mstari huo kwa macho mara moja bila kushtuka.

Chombo kile kile, karatasi zile zile, jioni ile ile: mara kimeboronga, mara kimeokoa. Anayetaka kukitumia kusoma mkataba, hukumu, hati ya kiwanja au barua ya kusimamishwa kazi inafaa ajue kwa nini.

Kilicho mbele yake na kilicho kichwani mwake

Modeli ya lugha, ambayo ndiyo moyo wa wasaidizi hawa, imefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukisia kipande cha neno kinachostahili kufuata vilivyotangulia. Ukiipa mkataba, maneno ya mkataba ule yanakuwa mbele yake, na makisio yake yanafungwa na maneno hayo. Ukiuliza "tarehe ya marejesho ya kwanza ni ipi?", jibu limo humo humo kwenye karatasi, na mara nyingi italipata. Hapa ndipo ilipo hodari: kutafuta, kulinganisha kifungu na kifungu, kufupisha, kueleza sentensi ya mistari tisa kwa lugha ya mtu wa kawaida.

Ukiuliza "je, sheria ya Tanzania inaruhusu jambo hili?", mambo yanabadilika. Jibu halimo kwenye karatasi. Mashine inalichota kwenye kile kilichobaki kichwani mwake kutoka mafunzoni, na kule hakukupangwa kama rafu ya vitabu. Kumebaki mazoea ya maneno: maneno gani hufuatana na maneno gani. Kama maandishi ya sheria za Marekani, Uingereza na India yalikuwa mengi kuliko ya kwetu, mazoea hayo yataelemea huko.

Nilijaribu siku hiyo hiyo. Niliiuliza ni sheria gani inayosema mdhamini anabeba mzigo sawa na wa mkopaji. Ikanijibu bila kusita: kifungu cha 128 cha Sheria ya Mikataba. Kanuni ni sahihi. Kifungu ni cha India. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilichongwa kwa mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, hivyo kanuni zinafanana kama mtoto na mzazi, lakini namba za vifungu hazifanani. Mtu asiyejua historia hiyo angeiandika 128 kwenye barua yake ya malalamiko, na afisa wa upande wa pili angekuwa na sababu nzuri ya kutabasamu.

Tatizo ni kwamba majibu ya aina zote mbili yanatoka kwa sauti moja. Lililosomwa kwenye karatasi na lililokisiwa kutoka kichwani yana ufasaha ule ule, mpangilio ule ule, hata adabu ile ile. Binadamu akibahatisha utamwona anakohoa, anaangalia pembeni, anasema "nadhani". Mashine haikohoi.

Ndege, toroli na kesi zisizokuwepo

Mfano uliotangaa duniani ulitokea New York mwaka 2023. Abiria mmoja aliishtaki Avianca, shirika la ndege la Kolombia, akidai toroli la chuma la kugawia chakula lilimgonga goti angani. Shirika likaomba shauri litupwe kwa kuwa muda wa kushtaki ulikuwa umepita. Mawakili wa abiria, Steven Schwartz na Peter LoDuca, wakajibu kwa hoja iliyosheheni kesi zilizowahi kuamuliwa, zikiwa na majina, namba na nukuu za majaji. Mawakili wa shirika wakazitafuta kesi hizo, hazikuonekana. Jaji P. Kevin Castel naye hakuziona. Zilikuwa zimetungwa na ChatGPT. Schwartz alikuwa hata ameiuliza kama kesi hizo ni za kweli, nayo ikamhakikishia kuwa ni za kweli. Mnamo Juni 2023 walitozwa faini ya dola 5,000.

Watu hucheka uvivu wa mawakili wale, na kweli walikuwa wavivu. Mimi huvutiwa zaidi na lile swali la uthibitisho. Kuiuliza mashine "una uhakika?" ni kumuuliza muuza samaki kama samaki wake ni wabichi.

Wengine walipaswa kujifunza, lakini haikuwa hivyo. Januari 2025, Mahakama Kuu ya KwaZulu-Natal, Pietermaritzburg, Afrika Kusini, iliamua shauri la Mavundla ambamo kati ya kesi tisa zilizotajwa na upande mmoja, mahakama ilifanikiwa kuzipata mbili tu. Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Uingereza nayo ikatoa onyo kali kwa mawakili waliowasilisha kesi za kubuni. Hata zana za kulipia, zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya wanasheria na kuunganishwa na maktaba halisi za kesi, hazikutoka salama: watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima mwaka 2024 wakakuta zinatoa majibu yenye uzushi kati ya asilimia 17 na 33 ya maswali. Ni nafuu kuliko msaidizi wa kawaida. Lakini fundi gari anayekosea gari moja kati ya sita hapelekewi gari.

Bahati yetu, kukagua kesi Afrika Mashariki hakuna gharama. Hukumu za Tanzania ziko kwenye tovuti ya TanzLII, za Kenya kwenye ile ya Kenya Law, na zote zinasomeka bure. Hukumu ya Tanzania ya miaka hii hubeba mwaka katika mabano ya mraba, kisha herufi za mahakama, TZCA kwa Mahakama ya Rufani na TZHC kwa Mahakama Kuu, kisha namba. Mashine ikikutajia kesi, iandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Kama haipo, haipo. Kama ipo, fungua usome aya unayoambiwa inasema hivi na hivi, kwa sababu uzushi wa kisasa una hila zaidi: kesi ni ya kweli, ila haikuamua kinachodaiwa.

Na kuna sheria iliyokuwa kweli jana. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yaligusa, pamoja na mengine, viwango vya fidia kwa aliyeachishwa kazi isivyo halali. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, lilizinduliwa Toleo la Urekebu la mwaka 2023 la sheria zote za Tanzania, likaanza kutumika Julai. Mashine iliyofunzwa kabla ya hapo, au iliyoyaona mabadiliko kwa uchache huku imeyameza maandishi ya zamani kwa wingi, itakujibu kwa sheria ya juzi, tena kwa kujiamini. Kwa hiyo jibu la sheria lichukue kama fununu: linakuelekeza mahali pa kwenda kutazama. Hadi utakapopafikia na kupasoma, bado ni fununu.

Picha ya ukurasa wa kumi na moja

Turudi mezani kwa Mama Neema, maana kulikuwa na kosa jingine ambalo lilitupotezea nusu saa.

Mkataba ulisema riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi, marejesho miezi sita. Tukaiuliza mashine mkopaji atarudisha jumla ya shilingi ngapi. Ikajibu 2,252,000 na kidogo, ikaonyesha na hatua za hesabu. Hesabu ilikuwa sahihi, kwa riba inayokatwa juu ya salio linalopungua. Lakini ukurasa wa mwisho wa mkataba ulikuwa na jedwali la marejesho: shilingi 403,333 kila mwezi. Zidisha kwa sita unapata milioni 2.42. Taasisi ilikuwa inatoza riba juu ya mkopo wote wa mwanzo, mwezi wa kwanza mpaka wa sita, kana kwamba hakuna senti iliyorudishwa. Tofauti ni karibu shilingi 168,000, nayo inaongeza mzigo wa mdhamini.

Kwa nini mashine haikuliona jedwali? Tuliitazama picha. Mama Neema alikuwa amepiga picha usiku chini ya taa ya duka, na kivuli cha mkono wake kimelala juu ya jedwali zima. Mashine haikusema "ukurasa huu sijausoma". Iliziba pengo kwa kudhani jambo la kawaida, ikaendelea na safari.

Hili ni kosa ambalo watu wengi hawalifikirii kabisa. Kabla ya akili kuna macho. Picha lazima kwanza igeuzwe kuwa maandishi, na huko ndiko 3 inakuwa 8, mhuri wa bluu unafunika kiasi cha fedha, maandishi ya mkono pembezoni yanarukwa, na kurasa mbili zilizoshikana zinahesabiwa moja. Waraka ukiwa mrefu kuna hatari nyingine. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Stanford, walionyesha kwamba modeli hukumbuka vizuri zaidi yaliyo mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu, na hupwaya katikati. Za karibuni zimeimarika, lakini baadhi ya zana bado huukata waraka vipande na kuvuta tu vile vinavyoelekea kufanana na swali lako. Kwenye mkataba hiyo ni balaa, kwa sababu neno "Deni" linaweza kufafanuliwa ukurasa wa pili, likatumika ukurasa wa tisa, na ukali wake wote ukawa kwenye ule ufafanuzi.

Dawa yake ni ya kizamani. Piga picha mchana, ukurasa mmoja mmoja, karatasi ikiwa imelala. Kabla ya kuuliza lolote, itake mashine ikutajie idadi ya kurasa ilizopokea na maneno ya kwanza na ya mwisho ya kila ukurasa, kisha ulinganishe na karatasi mkononi. Tarehe na fedha zote ikunukulie kama zilivyo. Hesabu yoyote ya maana rudia kwa kikokotoo.

Kiswahili laini, maana ngumu

Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hata hivyo mikataba ya mikopo, ajira na ubia inaendelea kuandikwa Kiingereza, na kwa watu wengi huu ndio mvuto mkubwa wa akili unde: inawafungulia lugha waliyofungiwa nje. Sibezi hata kidogo. Nimeona mikataba iliyosainiwa na watu wasioelewa hata ukurasa mmoja, na tafsiri yenye kasoro iliyotolewa saa nne usiku bila malipo ni bora kuliko kusaini gizani.

Lakini Kiingereza cha sheria kina maneno ya mtaani yaliyovaa joho. "Execute" mtaani ni kutekeleza, au hata kunyonga. Kwenye mkataba ni kutia saini na kukamilisha hati. "Consideration" si kufikiria wala kuzingatia, ni kile cha thamani ambacho kila upande unakitoa ili mkataba ushike. "Party" si chama wala sherehe. "Instrument" ni hati, ingawa nimeshaona tafsiri ya mashine inayotaja "ala iliyosajiliwa", nikabaki najiuliza kama ni zeze au marimba. Makosa ya wazi hivi hayanitishi, kwa kuwa msomaji atashtuka kama alivyoshtuka Mama Neema na "mara kadhaa". Yanayonitisha ni yale yasiyoshtua: lazima inapogeuzwa kuwa hiari, "taasisi itamjulisha mdhamini" mahali ambapo maandishi yanasema "taasisi inaweza kumjulisha". Sentensi zote mbili ni Kiswahili safi.

Na Kiswahili chenyewe kina ugumu wake kwa mashine. Sisi tunabeba sharti, wakati na ukanushi ndani ya neno moja: asipolipa, akishalipa, hata asingelipa. Modeli hukatakata maneno vipande, na kwa kuwa imesoma Kiswahili kidogo mno kikilinganishwa na Kiingereza, vipande vyetu ni vingi na vidogo, na silabi moja ya katikati ikikosewa maana inageuka kichwa chini miguu juu. Kwa hiyo waraka ukiwa wa Kiingereza, mimi huwa naitaka kwanza ininukulie kifungu kwa Kiingereza chake, halafu initolee maelezo kwa Kiswahili chini yake. Hata ambaye Kiingereza chake si kizuri anaweza kulinganisha namba, kuona "not" iko wapi, na kumwonyesha mtu anayejua.

Kwa ndugu zetu wanaokwenda kufanya kazi Oman na kwingineko Ghuba, kuna jambo la ziada. Mkataba huja na safu mbili, Kiarabu kulia na Kiingereza kushoto, na mara nyingi kukitokea mgongano ni Kiarabu kinachosimama. Ukiipa mashine safu ya Kiingereza peke yake umesoma upande usio na meno. Ipe zote mbili, uiulize wapi hazifanani: mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko, nani analipa nauli ya kurudi. Kazi ya kulinganisha safu mbili zilizo mbele yake ni ya aina ile ile inayoiweza.

Namna ya kuuliza

Swali la kwanza la Mama Neema lilikuwa: "Je, mkataba huu ni salama?" Ni swali la kibinadamu kabisa, na ndilo baya kuliko yote. Wasaidizi hawa wamefunzwa kumridhisha mwulizaji, nao huinusa hamu yako haraka. Uliza kwa matumaini, utajibiwa kwa matumaini. Uliza kwa hofu, utaorodheshewa hatari kumi na mbili, nusu yake za kujaza nafasi.

Swali lililomfichua yule nyoka wa kifungu cha 14 lilikuwa tofauti. Tuliiambia: wewe ni mwanasheria wa taasisi, mkopaji ametoroka na simu haipatikani, nionyeshe kila kifungu utakachokitumia dhidi ya mdhamini, namba ya kifungu, ukurasa, na maneno yenyewe. Mashine ikabadilika upande, nasi tukaona mkataba kwa jicho la aliyeuandika. Ikatoa vifungu sita. Vitano tulivikuta kwenye karatasi kama ilivyonukuu. Cha sita hakikuwepo. Ndiyo maana tulidai maneno yenyewe: muhtasari huwezi kuukagua, nukuu unaweza kuiwekea kidole.

Baada ya hapo tukabuni mkasa wenye tarehe. Mkopaji amelipa miezi miwili, wa tatu kachelewa siku kumi, nini kinatokea siku ya kumi na moja, na Mama Neema anajulishwa lini? Jibu: mkataba hautaji popote kwamba mdhamini ni lazima ajulishwe.

Kuuliza nini hakimo ni kuzuri, lakini hapo tunavuka mpaka niliouchora mwanzo, kwa sababu mambo yasiyomo kwenye karatasi mara nyingi yamo kwenye sheria. Mkataba wa ajira usiposema neno kuhusu likizo, mwajiriwa hajapoteza likizo. Sheria yetu ya ajira na mahusiano kazini inampa siku 28. Mkataba usipotaja muda wa kulalamika, haina maana muda haupo. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nao wengi hupoteza haki zao hapo wakiwa bado wanajadiliana na mwajiri kwa meseji. Nyumba ya familia ikiwekwa rehani, Sheria ya Ardhi inadai ridhaa ya mwenza hata kama karatasi ya mkopeshaji haimtaji mwenza kabisa. Na mkataba ukitaja adhabu ya kutisha kwa kuchelewa, Sheria ya Mikataba inaichukulia namba hiyo kama kikomo cha fidia ya haki, si lazima ilipwe yote.

Kwa Mama Neema sheria ilikata pande zote mbili. Kwa upande mmoja, hata kama kifungu cha 11 kisingekuwepo, bado mdhamini anabeba mzigo sawa na mkopaji, ila kama mkataba umesema vingine. Kwa upande mwingine, dhamana inayoendelea kama ile ya kifungu cha 14 inaweza kusitishwa kwa mikopo ya mbele kwa kumpa mkopeshaji taarifa. Hayo hayakuandikwa popote kwenye zile kurasa kumi na moja. Niliyapata kwa rafiki yangu wakili, kwa simu ya dakika sita. Asiye na rafiki wakili anaweza kumpata msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua, na huduma yao ni bure. Ukienda na vifungu vyako vimeshachambuliwa na maswali manne yameandikwa, hata wakili wa kulipwa utamtumia kwa muda mfupi.

Majina ya watu

Kuna jambo tulilifanya kwa kuchelewa. Katika zile picha kulikuwa na namba ya NIDA ya mkopaji, namba ya simu ya mdhamini wa pili, na sahihi ya afisa mikopo. Hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake tangu 2019. Mtu binafsi kwenye duka lake huenda asifuatwe na yeyote, lakini ofisi ya wakili, idara ya rasilimali watu au SACCOS inayopakia mafaili ya wateja kwenye akaunti ya bure iko mahali pengine kabisa. Unachomwambia wakili kina kinga ya siri kisheria. Unachoiambia mashine hupaswi kukitegemea kiwe na kinga hiyo. Mei 2025 mahakama ya New York, katika kesi ya gazeti la New York Times dhidi ya OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, iliiamuru kampuni kuhifadhi mazungumzo ya watumiaji, yakiwemo ambayo watumiaji walidhani wameyafuta.

Kipande cha karatasi kinatosha. Funika majina, namba na sahihi kabla ya kupiga picha, andika "Mkopaji", "Mdhamini A", "Mdhamini B". Mashine haihitaji kujua mkopaji anaitwa nani ili ione kifungu cha 14.

Jumatatu Mama Neema alikwenda na karatasi yenye mistari miwili. Afisa mikopo alishangaa kidogo, akaingia ndani kuuliza, akarudi na kukikata kifungu cha 14 kwa kalamu, wote wawili wakaweka saini fupi pembeni. Kifungu cha 11 akakikatalia: hicho hakiguswi, ni cha wadhamini wote. Mama Neema akaomba siku moja afikirie.

Jioni alimpigia mwenzake wa kikoba. Hakumdhamini. Alimkopesha laki tatu zake mwenyewe, bila karatasi wala riba. "Hizo nikizikosa nitalia wiki moja," aliniambia akifunga duka, "lakini nitajua nalilia nini."